Kindu: Umeme Nao Unahitaji Njia ya Kurudi

Msomaji mpenzi, chukua ramani ya Kongo, ufuate kwa kidole mto Lualaba toka Katanga kwenda kaskazini. Utapita Kongolo, kisha nchi ya Kasongo na Nyangwe, ambako wafanyabiashara wa pwani waliacha lugha ya Kiswahili na kilimo cha mpunga, na halafu utafika Kindu, mji mkuu wa jimbo la Maniema. Hapo ndipo reli itokayo kusini inapoishia. Mbele yake mto watembea kwa utulivu, na vyombo huweza kusafiri kilomita 300 hivi mpaka Ubundu, ambako maporomoko huwazuia tena. Kwa hiyo Kindu ni mji wa kubadili vyombo: kilichoshuka garini hupanda mashua, na kilichotoka mtoni hupanda gari moshi.

Mji wenyewe umejengwa ng'ambo ya magharibi. Ng'ambo ya mashariki ni Alunguli, nao watu huvuka kwa mitumbwi na kwa kivuko, maana daraja hakuna. Kutoka Alunguli huanza barabara ya kwenda Kalima, nchi ya machimbo ya bati. Mvua za huku ni nyingi, msitu ni mzito, na udongo mwekundu ukilowa huwa kama sabuni. Baiskeli na pikipiki hubeba sehemu kubwa ya mizigo. Motokaa si nyingi, na nyingi kati ya zilizopo ni za zamani. Kila moja hutunzwa kama mzee aliyebaki peke yake katika ukoo.

Mgeni huweza kudhani kwamba adui wa motokaa hizo ni matope na mashimo tu. Sivyo. Yuko adui mwingine asiyepiga kelele, naye ni kutu ndani ya njia za umeme. Huyo nilimwona kazini mwake katika gereji moja ya Alunguli, chini ya mwembe, ambapo Land Cruiser moja ya dizeli ilikuwa imelala kwa siku tatu. Gari hilo lilikuwa la wanakijiji walioungana kulinunua. Lilipeleka mchele sokoni, na usiku, ikiwa lazima, lilileta wagonjwa na akina mama wazazi mpaka mtoni ili wavushwe kwenda hospitali. Sasa ufunguo ukizungushwa, injini ilinguruma mara moja kwa uchovu, kisha kimya.

Mzee aliyetumwa na wenzake alikuwa ameshika fedha za kununua betri mpya. Zilikuwa akiba yao yote.

"Papa fundi," akasema, "betri imekufa. Tupatie nyingine, turudi kwetu."

"Subiri kidogo, Mzee," fundi akamjibu. "Tusimzike mtu kabla ya kumshika mkono tujue kama moyo wapiga."

Akaleta kipima volti. Betri ilipopumzika ilionyesha volti 12.6, ndicho kipimo cha betri iliyojaa. Akamwamuru mwanafunzi wake ajaribu kuwasha injini, naye akitazama: betri ilishuka mpaka volti 11, jambo ambalo si la ajabu kwa mzigo mkubwa namna ile. Kisha akagusisha ncha moja ya kipimo kwenye kichwa hasi cha betri, na nyingine kwenye chuma cha injini, mwanafunzi akazungusha ufunguo tena. Kipimo kikasoma volti 1.8. Upande wa chanya, kati ya betri na starta, kikasoma volti 1.

"Tazama, Mzee," akasema. "Betri yatoa 11. Mbili na nukta nane zapotea njiani. Starta yapata nane na kitu tu. Mgonjwa si betri. Mgonjwa ni nyaya."

Wanafunzi wanaosoma haya, yafaa waelewe sababu yake. Umeme haufanani na mzigo ambao ukifika sokoni safari imekwisha. Hauna budi kuzunguka: hutoka upande mmoja wa betri, hufanya kazi, na kurudi upande wa pili. Kiasi kile kile kiendacho ndicho kirudicho. Katika motokaa, waya wa kwenda huonekana. Lakini njia ya kurudi ni chuma chenyewe cha injini, cha chasi na cha bodi, pamoja na nyaya chache fupi zinazoviunganisha na betri. Mafundi wa Kongo, kwa kufuata Kifaransa, huiita njia hiyo masi. Watu wengi hutengeneza njia ya kwenda na kuisahau ya kurudi.

Taa ya gari huhitaji ampea chache tu, kwa hiyo hata njia mbovu huitosha. Ndiyo maana mwenye gari huona taa zawaka vizuri akashangaa injini inakataa. Starta ya injini ya dizeli huweza kudai ampea 200 na zaidi. Fanya hesabu: ampea 200 zikipita penye ukinzani wa sehemu 9 tu katika elfu moja ya omu, volti 1.8 hupotea. Ukinzani mdogo kama huo hutokana na nini? Na kutu chini ya bolti, rangi iliyopakwa mahali pasipofaa, au nyuzi za waya zilizoliwa ndani ya mpira ambao kwa nje ungali mzima. Tena, umeme ukikosa njia yake ya halali hutafuta nyingine. Huweza kupita katika waya wa chuma wa kuvutia mafuta, ukauchoma mpaka ukakwama.

Fundi akaanza kazi, nami nilimfuata hatua kwa hatua. Kwanza alifungua upande hasi wa betri, ndio ulioungwa na mwili wa gari. Mwanafunzi alipouliza kwa nini, alimwambia kwamba spana ikigusa bodi wakati upande wa chanya unafunguliwa kwanza, cheche kali hutoka, na betri huwa na gesi iwezayo kulipuka. (Land Rover za kale, zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1967 hivi, ziliunga upande wa chanya na mwili, kwa hizo upande wa chanya ndio hufunguliwa kwanza.) Pili, aliosha vichwa vya betri kwa maji yenye magadi, akaangalia yasiingie ndani ya betri, kwa maana magadi huua tindikali.

Tatu, alipima nyaya mpya. Alitumia waya wa kuchomelea vyuma, wenye nyuzi nyingi nyembamba za shaba na unene wa milimita mraba 50. Alikwangua kwanza kwa kisu, kwa sababu sokoni kuna nyaya za aluminiamu zilizopakwa shaba juu. Ukikwangua ukaona weupe, umedanganywa. Kila ncha aliitia katika kishikizo cha shaba, akakibana kwa nguvu, kisha akakipaka bati lililoyeyushwa ili unyevu usipenye.

Nne, akalala chini ya gari. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mahali pa kila bolti alikwangua rangi na kutu mpaka chuma kikang'aa, akatia washa yenye meno, akakaza, na baada ya kukaza ndipo akapaka grisi. Akaweka njia tatu: betri kwa injini, injini kwa chasi, betri kwa bodi. Upande hasi wa betri ukafungwa mwisho.

Nilipotazama waya ule mpya niliona historia ya nchi hii. Shaba hutoka Katanga, iliyokuwa jimbo moja mpaka 2015, ambalo toka 1971 hata 1997 liliitwa Shaba kwa ajili ya madini hayo, na ambalo reli yake imeungana na ile ya Kindu tangu 1956. Bati huchimbwa Kalima tangu miaka ya 1930. Shaba hupeleka umeme vizuri sana lakini huyeyuka kwa nyuzi 1,085 za joto. Bati huyeyuka kwa nyuzi 232 tu, kwa hiyo hata fundi wa chini ya mwembe aweza kulitumia kuifunika shaba na kuilinda na kutu. Madini hayo husafirishwa mpaka ng'ambo ya bahari, na huturudia yakiwa nyaya na betri za bei kali. Kumbe vitu viwili vinavyoponya motokaa ya Alunguli vilizaliwa katika nchi hiyo hiyo.

Jioni fundi alizungusha ufunguo mwenyewe. Injini ikashika mara ya kwanza. Alipima tena: upotevu katika kila upande haukufika volti 0.2. Mzee alilipa nyaya na kazi, na sehemu kubwa ya akiba ikabaki mfukoni mwake. Alipouliza kama betri ile ya zamani itaweza kudumu, fundi alimjibu, "Itadumu, Mzee, mkiosha vichwa vyake na kukaza bolti kila mvua zinapokwisha."

Wazazi walio na motokaa, na ninyi vijana mnaojifunza ufundi, lishikeni neno hilo. Katika nchi ambako kitu kipya huja kwa mashua, kwa ndege au kwa gari moshi lisilo na siku maalum, kupima kabla ya kununua ni akiba, na pengine ni uhai wa mgonjwa angojaye usiku kando ya barabara. Fundi mwema si yule mwenye vifaa vingi vya kubadilisha, bali yule anayeuliza kwa utaratibu mahali ugonjwa ulipo, asichoke mpaka amepata jibu.