Moshi Usioonekana Katika Gari Letu



Yaliyonipata mwaka wa kwanza wa kukaa kwetu Kisii nimeyaficha muda mrefu kwa sababu ya haya. Mimi ni mtu wa Mombasa, nimelelewa katika nyumba ambamo habari za gari ni za wanaume, na mwanamke kazi yake ni kupanda na kushuka anapofikishwa. Leo nayasimulia, kwani aliyeumia alikuwa mtoto, na sina shaka kuwa ziko nyumba nyingine zinazopita njia hiyo hiyo bila ya kujua.

Gari lenyewe ni la mdogo wangu wa kiume, Subaru Impreza ya miaka ya tisini. Katika ujana wake hakuwa na hadithi ila Safari Rally, na mwaka 1997, Colin McRae aliposhinda mashindano hayo akiendesha Impreza, mdogo wangu aliapa kuwa siku moja atapata yake. Akaipata, tena ikiwa imeshatumika na wengine. Haikumtosheleza ilivyo. Aling'oa manifoldi ya asili, yaani mabomba yanayoupokea moshi pale unapotoka kwenye injini, akatia mabomba mengine mapana zaidi ambayo vijana wa gereji huyaita hedazi, ili injini ipumue vizuri na gari liende mbio. Alipopata kazi Ghuba alituachia amana hiyo, nasi tulipohamia Kisii tukaja nayo.

Kisii si Mombasa. Mji umekaa juu ya vilima, kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mvua hunyesha karibu mwaka mzima, aghalabu wakati wa alasiri. Kila Jumamosi nilikuwa nikienda Nyamira kuwasomesha Kurani watoto wa jamaa wachache wa Kiislamu walioko huko. Binti yangu, aliyekuwa na miaka sita, alikaa kiti cha nyuma. Tulirudi baada ya sala ya Alasiri, tukipita katikati ya mashamba ya chai na migomba, vioo tumevifunga kwa mvua na baridi, na feni ya hewa ya moto inavuma miguuni. Nilijiona nimestarehe.

Mtoto akaanza kulala njiani. Si usingizi wa mtoto aliyechoka kucheza; ni usingizi mzito, ukimwamsha hushika kichwa na kulia. Tukifika nyumbani hutapika. Mwanzoni nilidhani ni kona za barabara. Mamamkwe alisema huenda ni jicho la watu, nami nikamsomea Ayatul Kursiyyu na sura mbili za kinga, na sijutii kumsomea. Tukampeleka kupimwa malaria, hana. Na kila Jumapili asubuhi huamka mzima, akataka mkate na chai kama kwamba hakukuwa na jambo.

Ishara ilikuwa hapo mbele ya macho yangu nisiione: mtoto haumwi ila Jumamosi jioni. Mimi mwenyewe kichwa kiliniuma siku hizo hizo, nikasema ni uchovu wa kusomesha.

Ishara ya pili ilikuwa ya masikio. Asubuhi gari likiwashwa lilitoa mlio wa tik tik tik, kama cherehani inayoshona kwa haraka, kisha baada ya muda mlio ukanyamaza. Baba watoto alisema gari zee lina sauti zake. Hata hivyo alilipeleka gereji. Fundi akasema gaskiti ya hedazi imeungua. Akakata nyingine kwa mkasi kutoka kwenye karatasi ya gaskiti, akaipaka silikoni pande zote mbili, akakaza nati, na bei ikawa nyepesi. Tukashukuru. Haikufika wiki ya tatu, cherehani ikarudi kushona.

Jirani yangu, mwanamke wa Kinubi, ndiye aliyenipeleka kwa jamaa yake, fundi mzee karibu na Daraja Mbili. Wanubi ni katika Waislamu wa kale wa mji ule; wazee wao walikuja na jeshi la Waingereza, wakabaki.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Gari lina nini?"

Nikamweleza mlio. Hakuinamia gari. Aliniuliza kwanza, "Nani hukaa nyuma?"

"Binti yangu."

"Huumwa na kichwa?"

Wallahi, miguu iliniisha nguvu. Nikakaa juu ya gurudumu lililolazwa pale, akanieleza kwa upole kama anayemfundisha mjukuu. Injini ya gari hili imelala, na midomo yake ya kutolea moshi inatazama chini, hivyo hedazi imekaa tumboni mwa gari. Gaskiti ni kile kipande chembamba kinachokaa baina ya injini na hedazi ili moshi usipenye. Kikiungua, moshi huvuja pale pale, kabla haujafika kwenye bomba la nyuma. Gari likiwa mwendo wa pole, au likisimama kwenye foleni, moshi huo hupanda juu kwenye injini, na chini ya kioo cha mbele ndipo lilipo tundu ambalo feni huvutia hewa ya kuwapelekea waliokaa ndani. Ndani ya moshi huo mna gesi iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili ukakosa pumzi ilhali kifua kinapanda na kushuka. Mtoto mdogo humdhuru upesi kuliko mtu mzima, na mimba iliyo tumboni huidhuru zaidi. Mwanzo wake ni kichwa, kichefuchefu na usingizi; mwisho wake ni usingizi usio na kuamka.

Hapo nikafahamu jambo ambalo hadi leo hunitetemesha. Huenda gari lilikuwa likivuja tangu Mombasa. Lakini Mombasa tulikwenda vioo wazi, upepo wa bahari ukipita upande huu na kutokea upande wa pili. Ovu lilikuwa pale pale. Sisi ndio tuliohamia kwenye baridi na kulifungia ndani pamoja na mtoto. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mzee aliacha injini ipoe kabisa, akamwagia nati mafuta ya kulegeza kutu, akatwambia turudi kesho, kwani stadi kuukuu ya chuma ikilazimishwa hukatika ndani ya kichwa cha injini, na hasara yake ni kubwa kuliko ya gaskiti. Siku ya pili alipoifungua alinionyesha makosa matatu, na nayaandika kama alivyoyasema, kwani ndiyo elimu niliyoinunua kwa machozi.

La kwanza ni tundu. Gaskiti iliyokatwa kwa mkasi ilikuwa na tundu dogo kuliko mdomo wa hedazi ya mdogo wangu, ambayo ni pana. Ukingo wake ulichungulia ndani ya njia ya moto, hauna kilichoubana wala kuushikilia, ndio maana uliungua kwanza. Gaskiti hupimwa kwa kuwekwa juu ya mdomo wa injini na juu ya mdomo wa hedazi, kote kuwili, na tundu lake lisiwe dogo kuliko lolote kati ya hayo. Mwenye kubadilisha mabomba ya asili asinunue gaskiti kwa jina la gari peke yake. Achukue bomba lenyewe akalipimie dukani.

La pili ni uso. Aliweka rula ya chuma juu ya bapa la hedazi, akaniambia nitazame upande wa mwangaza. Niliuona mwanga ukipita katikati. Bapa lilikuwa limepinda kwa miaka ya moto na baridi. Hakuna gaskiti inayoweza kuziba uso uliopinda namna ile, hata ikiwa ya dhahabu. Ilipelekwa kwa mtu wa mashine ikasawazishwa.

La tatu ni silikoni. Moshi unaotoka kwenye injini inayofanya kazi kwa nguvu hupita digrii 600 za Selsiasi. Hata silikoni iliyoandikwa kuwa ni ya joto kali haifiki huko kwa usalama. Huziba kwa siku chache, ikamdanganya mwenye gari, kisha ikawa majivu.

Tukaenda pamoja dukani, na muuza spea akatuwekea aina tatu. Ya kwanza ni ya nyuzi zilizoshindiliwa, zenye chuma chembamba ndani. Ni rahisi, na husamehe uso usio sawa sawa, lakini gari lenye turbo kama letu huila upesi. Ya pili ni ya shaba nyekundu. Hiyo ni laini, hufuata mabonde madogo ya chuma, ila hutaka kukazwa tena baada ya kupata moto na kupoa. Ya tatu ni ya chuma cha pua, ya tabaka kadhaa zinazosukumana kama springi. Hudumu kuliko zote, lakini haina msamaha, hutaka uso ulionyooka na safi. Kwa kuwa bapa letu lilikuwa limekwisha kusawazishwa, akachagua ya tatu. Bei yake ilikuwa zaidi ya mara tano ya ile ya mkasi. Baba watoto akanitazama, nami nikamtazama mtoto.

Mabaki ya gaskiti ya zamani aliyalowesha maji kabla ya kuyakwangua, kwa kuwa gaskiti za kale huenda zikawa na asbesto, na vumbi lake ni sumu ya mapafu. Akatia nati mpya, akazikaza kidogo kidogo kwa zamu, si moja hadi mwisho kisha nyingine, ili bapa likae sawa. Asubuhi yake, gari likiwa baridi na mahali pa wazi, aliliwasha, kijana wake akaziba kidogo bomba la nyuma kwa kitambaa, naye akanyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio. Hakukutoka povu hata moja. Cherehani ikanyamaza.

Jumamosi iliyofuata tulirudi kutoka Nyamira na mvua ikinyesha. Kioo changu nilikiacha wazi upana wa vidole viwili, kwa hofu. Binti yangu alisoma Suratul Fiil njia nzima, akaikosea, akaianza tena, mpaka tukafika mjini. Sijapata kuisikia sura ile ikisomwa vizuri kuliko siku ile, na makosa yake yote.

Nilimpigia simu mdogo wangu. Aliniuliza kama gari bado lina mbio. Nilipomsimulia, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Astaghfirullah, dada. Mimi nilikuwa nikiliendesha peke yangu, vioo wazi."

Ndugu zangu, simlaumu, wala simlaumu fundi wa kwanza peke yake, kwani sisi ndio tuliofurahia bei nyepesi. Dini yetu imetukataza kudhuru na kudhuriana, na mwenye kubeba watoto wa watu kwenye gari amebeba amana. Basi likitoa mlio wa kugota asubuhi unaonyamaza likipata moto, msiliambie ni uzee. Mkiona masizi meusi kwenye maungio ya hedazi, au watoto wakisinzia na kuumwa kichwa ndani ya gari peke yake, fungueni vioo siku hiyo hiyo na mlipeleke kwa fundi. Aliyelewa au kuzimia mtoeni kwenye hewa safi na mumkimbize hospitali. Wala msiwashe gari ndani ya banda lililofungwa. Na mkiwa gerejini, msione haya kuuliza: tundu limepimwa? uso umenyooshwa? gaskiti ni ya nini? Fundi mwema hufurahi kuulizwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, husema wahenga. Mimi nilikaribia kuchimba kaburi. Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, amlipe kheri mzee yule wa Daraja Mbili, na atujaalie kuziona ishara zake kabla hazijatupita. Amin.