Nyumba Zisizokwisha: Wenye Nyumba na Mafundi wa Dar es Salaam

Katika jiji la Dar es Salaam nyumba nyingi za watu wa kawaida hujengwa kidogokidogo kwa miaka mingi, kwa fedha inayotoka mfukoni mwa mwenye nyumba badala ya benki, na kwa mikono ya mafundi ambao hawajaandikishwa popote, kwa hiyo ugomvi kati ya mwenye nyumba na fundi aliyeiacha kazi nusu ni jambo ambalo karibu kila ukoo wa mjini una habari yake. Jengo linalobaki katika hali hiyo, kuta zikiwa zimesimama bila paa, huitwa boma maadamu mwenyewe angali na matumaini nalo, na huitwa pagala pale majani yanapoota vyumbani na wapita njia wanapoacha kuuliza ni la nani. Kumbukumbu hii inafuatilia namna ugomvi huo ulivyobadilika tangu miaka ya 1970, kadiri mwandishi wake alivyoushuhudia katika mtaa aliokulia na katika ile aliyohamia baadaye. Rai yake ni kwamba tabia ya mafundi, inayolaumiwa kuliko yote, ndiyo iliyobadilika kidogo kuliko yote. Vilivyobadilika ni njia ambayo fedha hufikia saiti, na mtu mwenye uwezo wa kumrudisha fundi kazini.

Nyumba ya Kiswahili, yaani ile ya vyumba vilivyopangwa pande mbili za ukumbi mrefu, yenye ua nyuma, ambayo ndiyo iliyojaza Kariakoo, Ilala na Magomeni ya zamani, haikumpa fundi nafasi kubwa ya kutoroka. Miti ilisimikwa, fito zikafungwa, udongo ukakandikwa kwa msaada wa majirani waliolipwa chakula zaidi kuliko fedha, kisha nyumba ikaezekwa kwa makuti au kwa mabati ya madebe yaliyonyooshwa. Kila hatua ilikuwa fupi na ililipwa baada ya kuonekana. Fundi akiondoka katikati, mwenye nyumba alipoteza siku kadhaa na pengine utulivu wa moyo, lakini hakupoteza akiba ya miaka, maana hapakuwa na wakati ambapo akiba hiyo ilikuwa mikononi mwa fundi.

Saruji ilileta hesabu nyingine. Kiwanda cha Wazo Hill kilianza kuzalisha mwaka 1966, na mradi wa viwanja na huduma wa miaka ya 1970, yaani mpango wa kupima viwanja na kuvifikishia barabara na maji ili wananchi wajijengee wenyewe, ulioendeshwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulifungua Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kwa nyumba za tofali. Nyumba ya tofali ina hatua zinazotegemeana na zenye gharama kubwa: msingi, kisha jamvi, ambalo ni zege la sakafu linalofunika msingi, kisha kuta hadi lenta, yaani mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya milango na madirisha, kisha kozi za juu, kisha kupaua, na mwisho ripu, ambayo ni plasta ya kuta. Hatua yoyote kati ya hizo inaweza kusimama kwa miaka kumi bila nyumba kuanguka, na hapo ndipo penye mzizi wa ugomvi wote, kwa kuwa jengo la udongo lililoachwa lilimezwa na mvua, ilhali jengo la tofali hubaki limesimama kama ushahidi.

Hata hivyo mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa ile ya 1980, baada ya vita na Uganda ya Idi Amin, saruji, mabati na nondo vilipatikana kwa kibali, na kibali chenyewe kilipatikana kwa kujuana. Familia ya mwandishi, iliyokuwa na kiwanja Sinza, iliishi muda mrefu na kuta zilizokomea kwenye lenta, na hakuna aliyemwita fundi wake mwizi, maana kila mtu alijua kwamba mifuko haipo. Ukiangaliwa leo, uhaba ule ulikuwa pia sitara ya pande zote mbili: mwenye nyumba aliyeishiwa alisema anasubiri kibali, na fundi aliyepata malipo bora kwingine alisema anasubiri saruji, na kila mmoja alimwamini mwenzake kwa sababu sababu ilikuwa ya kweli hata pale ilipotumiwa kwa uongo.

Ugomvi ulipozuka, ulipelekwa kwa mjumbe wa nyumba kumi, yaani kiongozi wa chama aliyesimamia kaya zipatazo kumi za jirani. Fundi kwa kawaida aliishi mtaa uleule au wa pili, akifahamika kwa jina la baba yake au la mkubwa aliyempokea alipotoka mkoani. Mjumbe hakuuliza mengi: fundi amepokea kiasi gani, kazi iliyosimama ni ipi, na iliyobaki ni ipi. Uamuzi wake ulikuwa karibu kila mara mmoja, kwamba fundi arudi kumalizia, na mkubwa wake akawekwa shahidi. Isidhaniwe kwamba hiyo ilikuwa haki tupu. Mwenye nyumba alikuwa mara nyingi mtumishi wa serikali au mfanyabiashara, fundi alikuwa mgeni mwenye mwiko na pimamaji, na mwandishi anakumbuka vikao ambavyo mafundi waliambiwa wamalize kazi ambayo mwenyewe hakuwa amewalipa hata ile ya nyuma.

Biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, na zaidi chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, saruji ilirudi madukani kwa yeyote mwenye fedha. Benki ya Nyumba Tanzania, chombo pekee kilichokuwa kimeanzishwa kwa ajili ya mikopo ya muda mrefu ya nyumba, ilikuwa hoi kwa madeni na ikafungwa mwaka 1995. Kwa hiyo mifuko ya saruji ilikuwa kila kona wakati mkopo wa kununulia mifuko hiyo haukuwa popote, na ujenzi wa polepole ukawa ndio ujenzi. Mjumbe naye alipungua nguvu: baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992 alibaki kuwa kiongozi wa chama kimoja, na mambo ya wakazi yakahamia ofisi ya serikali ya mtaa, ambayo ina muhuri lakini haimjui mkubwa wa fundi.

Jiji likatanuka. Watu walinunua mashamba Kimara, Tabata, Goba na Mbagala, na mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ukapeleka wengine Bunju, Mbweni, Tuangoma na Kisota. Mwenye nyumba aliyepanga Ilala na kujenga Bunju hawezi kusimama saiti kila asubuhi, na umbali huo ndio uliobadilisha mapatano. Zamani alinunua vifaa mwenyewe na kumlipa fundi ufundi peke yake, yaani ujira wa kazi ya mikono. Sasa alianza kumkabidhi fundi vyote, fedha za vifaa na za ufundi, na kumtangulizia nusu au zaidi ili kazi ianze. Kwa mara ya kwanza katika historia ya ujenzi wa mtaani, akiba ya mwenye nyumba ililala mikononi mwa fundi kabla tofali halijalazwa.

Inafaa kueleza fundi alizifanyia nini fedha hizo, kwa sababu maelezo yanayopendwa, kwamba alizinywa, ni ya kweli kwa wachache. Fundi wa mtaani hana mtaji na hakuna benki inayomkopesha. Hukadiria chini ili apate kazi mbele ya wenzake wengi, na kiwanja kikiwa kwenye mteremko, kama vilivyo vingi vya Kimara na Goba, msingi hula mawe na tofali kuliko alivyokisia, hivyo fedha za nyumba nzima huisha kabla kuta hazijafika madirishani. Hapo huchukua kazi ya pili, na utangulizi wa kazi ya pili ndio unaowalipa vibarua wa ile ya kwanza, wale wanaoitwa saidia fundi, ambao hulipwa kwa siku na hawasubiri. Akiba ya mtu wa Mbweni hupaua nyumba ya mtu wa Goba, na ya mtu wa Tuangoma huisukuma ya Mbweni. Mnyororo huo huenda vizuri maadamu kazi mpya zinaingia. Zikikatika, kwa mfano Januari ambapo kila mtu analipa ada za shule, yule wa mwisho katika foleni ndiye anayebaki na boma. Fundi anayezima simu katika hali hiyo amefilisika kabla hajawa mtoro.

Upande wa pili nao una maneno yake, na hayasikiki sana kwa sababu fundi hana nyumba ya kuonyesha. Wenye nyumba hubadilisha ramani kazi ikiendelea, huongeza choo cha ndani au baraza kwa kauli ya «utaniwekea na hiki», hulipa hatua moja na kukopa ya pili, kisha hushangaa fundi anapoenda kwa anayelipa. Nani amemwacha nani? Swali hilo haliwezi kujibiwa bila kupima kazi iliyofanyika na kuilinganisha na fedha iliyotoka, na mapatano ya mdomo hayakuwahi kuandaa njia ya kupima kazi.

Sheria zilikuwepo muda wote. Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961, iliyofuata kwa karibu ile ya India ya mwaka 1872, inakubali makubaliano ya mdomo, na kifungu chake cha 73 kinampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara iliyotokana na uvunjaji huo, mradi naye alifanya jitihada za kupunguza hasara. Madai ya mkataba yanaweza kufunguliwa ndani ya miaka 6. Sheria ya mwaka 1997 iliunda Bodi ya Usajili wa Makandarasi, inayowapanga wakandarasi wa majengo katika madaraja kuanzia la kwanza hadi la saba na yenye uwezo wa kumfutia usajili anayekiuka taratibu, lakini fundi wa mtaani hamo katika daftari hilo na kwa hiyo hana cha kufutiwa. Wengi hukimbilia polisi, wakidai fundi amejipatia fedha kwa udanganyifu, kosa lililo katika kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, na hurudishwa kwa maelezo kwamba hayo ni madai. Maelezo hayo, ingawa huudhi, mara nyingi ni sahihi, kwa kuwa udanganyifu katika sheria hiyo ni uongo juu ya jambo lililopita au lililopo, ilhali ahadi ya kujenga ni jambo lijalo, na fundi aliyefanya kazi hata wiki mbili ana hoja kwamba alikusudia kuitimiza. Mahakama nayo, tofauti na mjumbe, kwa kawaida haimwamuru fundi arudi jukwaani, kwa sababu haiwezi kumsimamia. Humpa mwenye nyumba tuzo ya fedha dhidi ya mtu asiye na fedha.

Simu ilisaidia pale ambapo sheria ilikuwa inadai ushahidi. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, malipo yaliyokuwa yakitolewa mkononi yalianza kuacha alama, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ikaipa kumbukumbu ya namna hiyo nafasi mahakamani. Waliofaidika zaidi walipaswa kuwa Watanzania wanaojenga wakiwa Muscat, London au kwingineko, ambao hupokea picha za maendeleo kila wiki. Lakini wao hutuma fedha kwa ndugu, si kwa fundi, na picha ya ukuta haionyeshi ni ukuta wa nani. Pale hesabu inapokataa, fundi hulaumiwa kwanza kwa sababu ndugu hashtakiwi.

Siku hizi mapatano mengi huandikwa, mara nyingi mbele ya mtendaji wa mtaa, yakitaja malipo kwa hatua na wakati mwingine fedha ya zuio, yaani sehemu ya malipo inayoshikiliwa hadi kazi ikaguliwe. Karatasi hiyo imepunguza ubishi juu ya fedha zilizotoka. Haijapunguza ubishi juu ya kazi iliyofanyika, hasa pale fundi wa pili anapoitwa kuendeleza. Karibu kila mara husema msingi ni mbovu, saruji ilipunjwa na nondo ni nyembamba kuliko zilizoandikwa. Huenda anasema kweli, huenda anatafuta bei ya kuanza upya, na kwa kuwa nondo zimekwisha kufunikwa na zege, mwenye nyumba hana la kumjibu. Mtu wa kuamua hapo ni mkadiriaji majenzi, mtaalamu wa kupima kazi ya ujenzi na thamani yake, lakini ada yake huwatisha wengi, na hivyo hakimu huachwa na maneno ya mafundi wawili, mmoja ambaye hayupo na mwingine anayeitaka kazi ya mwenzake.