Kutoka Elgon View hadi Rabai

Mwanafunzi wa Kiswahili kutoka Elgon View, Eldoret, alizoea kudhihakiwa kwamba lugha ya pwani haiwezi kuwa mali ya mtu wa bara. Likizo moja alifika Mombasa, akapanda matatu hadi Rabai, mji mdogo mkongwe vilimani. Hapo ndipo Wajerumani Krapf na Rebmann walipoweka makazi mwaka 1846. Kamusi ya Krapf ilichapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Wenyeji waliomfunza maneno hawakutajwa jaladani.

Basi mgeni aliweza kuitumikia lugha kwa kuwa alikubali kufunzwa. Kuuliza si ujinga. Mwanafunzi alirejea Eldoret hana tena haja ya kujitetea, ila ana deni kwa walimu hao wasiotajwa.