MALI BILA DAFTARI

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu usemi huu huelekezwa kwa wafanyabiashara, lakini huko Marekani unamhusu pia mwanafunzi anayehama chuo.

Binti mmoja aliyezaliwa Kisii na kuhamia Texas pamoja na mamaye aliujua ukweli huo kwa jasho. Wote wawili walikuwa na kibali cha ukaazi wa kudumu. Kibali hicho kilimpa haki wasiyo nayo wenzake waliokwenda kwa viza ya masomo, yaani kuomba msaada wa serikali kuu kupitia fomu iitwayo FAFSA. Kwa miaka miwili alisoma katika chuo cha jamii, ambako karo ni nafuu, na usiku akihudumia wakongwe katika makao yao. Karo ililipwa kwa ruzuku ya Pell, ambayo hairejeshwi. Katika mwaka wa masomo wa 2024/2025, kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395.

Alipokubaliwa na chuo kikuu ili aendelee na shahada, mama na mwana walishangilia. Waliamini kwamba ruzuku ingemfuata kama kivuli. Mwezi wa Julai ankara ikafika: karo yote, bila senti moja ya msaada. Msomaji aliyewahi kusubiri mkopo wa HELB huku siku ya usajili ikinyemelea hahitaji kuelezwa jinsi walivyoupitisha usiku huo.

Chanzo chake kilikuwa kidogo mno. Mwanafunzi hahami na fedha za Pell. Hupitia chuo anachosoma, na huombwa upya kila mwaka. Fomu ya binti huyu ilikuwa na nambari ya chuo cha zamani pekee, basi chuo kikuu hakikuwa na habari naye. Aliiongeza nambari mpya siku iyo hiyo. Kumbe chuo cha zamani kilikuwa kimeshamtengea ruzuku ya muhula uliofuata, na sheria haimruhusu mtu kupokea Pell katika vyuo viwili kwa wakati mmoja. Ikambidi aombe ifutwe. Fauka ya hayo, chuo kikuu kilidai hati za kodi za familia, ingawa chuo cha kwanza kilikuwa kimekwisha kuzikagua.

Pigo zito zaidi lilitoka kwenye idara ya masomo. Kati ya krediti 60 alizokuwa nazo, zilizokubaliwa kwa shahada yake ni 48. Muhula mzima ulikuwa umeyeyuka. Hakuwa peke yake: mwaka wa 2017, GAO, asasi ya ukaguzi ya bunge la Marekani, ilikadiria kwamba waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Hasara hiyo ni ya fedha pia, kwani Pell haitolewi kwa zaidi ya mihula 12 maishani, na yeye alikwisha kutumia minne.

Barua ya msaada ilipowasili mwezi wa Agosti, ruzuku na mkopo wa dola 7,500 vilipangwa katika safu moja, na jumla yake chini. Mama alidhani yote ni zawadi. Binti alisoma mstari baada ya mstari, akapokea ruzuku yote, na katika mkopo akachukua dola 3,000 tu. Pengo lililobaki alilijaza kwa zamu za usiku.

Naam, msaada ni haki ya anayestahili, lakini haki hiyo haimtafuti mwenyewe. Anayenuia kuhama na aulize mapema krediti zipi zitakubaliwa, aandike nambari ya chuo kipya kwenye fomu, akifahamishe chuo cha zamani kwamba anaondoka, na atenganishe apewacho na akopeshwacho. Hayo yote hayahitaji fedha. Yahitaji daftari.