Njia ya Miguu Katika Shamba la Zamani

Mwenye kuijua Uvira anajua jinsi mji wetu ulivyobanwa. Nyuma yetu milima ya Mitumba inasimama kama ukuta, na mbele yetu ni ziwa Tanganyika. Kule juu, kwenye mtelemko, marehemu baba yetu alituachia shamba. Alilima mihogo humo hata udongo ukachoka, akaliacha. Miaka ikapita, na miti ikaota bila kupandwa na mtu. Katika mwaka 2022 mchoma makaa alifika nyumbani, akataka kuinunua miti ile yote. Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa jamaa sasa, alituita akasema, "Wanangu, minervali ya watoto inadaiwa. Miti haisomeshi mtu ikiwa imesimama."

Sisi ndugu wawili, dada na kaka, hatukuwa na neno la kumjibu. Tulimwomba tu angoje mpaka turudi safarini. Mdogo wetu ameolewa Muheza, katika mkoa wa Tanga nchini Tanzania, naye alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Basi tukavuka kwenda Bujumbura, tukafika Kigoma, tukapanda gari la moshi hata Dar es Salaam, kisha basi mpaka kwa shemeji. Tulipokwisha kumpakata mtoto, shemeji alisema, "Msirudi kwenu kabla ya kupanda Amani. Huko kuna msitu mahali ambapo zamani palikuwa mashamba." Neno hilo lilitugusa, maana lilikuwa kama habari ya shamba letu wenyewe.

Amani iko katika milima ya Usambara ya Mashariki. Katika miaka ya 1890, Wadachi walipoitawala nchi ile, wenye mashamba walikata msitu na kupanda kahawa, hasa pande za Derema. Waliona miti mikubwa ya ajabu, wakadhani kwamba udongo uliyoizaa hauna budi kuwa na nguvu nyingi. Kumbe walikosea. Katika msitu wa namna ile rutuba haikai chini sana. Hukaa juu juu, katika majani yanayooza na katika miti yenyewe. Miti ikikatwa, mvua huichukua rutuba ile. Baada ya miaka michache mibuni ilidhoofika, na kahawa ikaachwa. Mwaka 1902 serikali ya Wadachi ilianzisha Amani kituo cha kuchunguza mimea, wakapanda miti ya nchi nyingi ili waone ipi itafaa. Leo mahali hapo, pamoja na msitu wa asili, ni hifadhi iliyotangazwa mwaka 1997, nayo ina njia za miguu kwa ajili ya wageni.

Tuliianza njia asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya miti. Kiongozi wetu, mzee mwenyeji wa pale, alitangulia na fimbo yake. Kwanza tulipita kando ya mashamba ya chai, yaliyokatwa sawasawa kama mkeka. Kisha kivuli kikatufunika. Mzee alibandua kipande kidogo cha gome, akatupa tunuse: ulikuwa mdalasini. Alitueleza pia habari za miti ya kwinini iliyopandwa Amani, nasi tukafurahi kumjulisha kwamba hata kwetu Kivu, upande wa Bukavu, mti huo umelimwa. Mahali pengine tuliona miti mikubwa imesimama kwa mistari iliyonyoka. "Msitu haupandi kwa kamba," alisema mzee. "Hapa palikuwa na mkono wa mtu."

Halafu akatuonyesha mti mrefu wenye shina la kijivu. "Huu ni msizi," alisema. "Ni mgeni kama ninyi, ulitoka pande zenu." Ni kweli. Msizi ni mti wa misitu ya Kongo na ya nchi za maziwa makuu, nao ulipelekwa Usambara ukapandwa. Hukua upesi sana. Hondohondo hula matunda yake na kuzitawanya mbegu, na palipokatwa miti ya asili msizi huwahi kushika mahali. Tulicheka kusikia kwamba mwenzetu amelowea huko, lakini mzee hakucheka. Alisema, "Mkiona kijani msidhani kwamba msitu umerudi. Miaka zaidi ya mia imepita, na hapa bado si kama kule ng'ambo ya kijito, ambako shoka halikufika."

Tulivuka kijito. Kule miti ilikuwa ya kila umri, mikubwa kwa midogo, na majani makavu yalizamisha viatu vyetu. Usiku mvua kubwa ilikuwa imenyesha, lakini maji ya kijito yalikuwa safi, tukaona mawe ya chini. Hapo wote wawili tulinyamaza, maana tulikumbuka mto Mulongwe. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mvua ilishuka juu ya Uvira, na mito yetu ikatelemka na matope na mawe. Makumi ya watu walikufa, na nyumba kwa maelfu zikaharibika. Majani na mizizi hunywa mvua polepole. Mlima ulio uchi huitupa yote mara moja juu ya walio chini.

Tuliporudi tulimsimulia baba mdogo yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na minervali?" Swali lake lilikuwa la haki. Tuliuza mbuzi wawili na baiskeli, na fedha hazikutosha. Mtoto mmoja alikaa nyumbani muhula mzima kabla ya kurudi darasani. Hatufichi jambo hilo, kwa kuwa anayesema miti itunzwe imempasa kusema pia ni nani atakayelipa.

Mchoma makaa alikwenda mlima mwingine. Wala hatudai kwamba shamba moja dogo litauzuia mto. Lakini tulifyeka njia nyembamba kati ya miti, na siku ya kwanza baba mdogo mwenyewe alitangulia na fimbo yake, yule mtoto wa muhula uliopotea akimfuata nyuma, akiuliza jina la kila mti. Mengi baba mdogo aliyajua, nasi hatukuyajua.

Enyi mlio na shamba lililoota miti, kabla ya kumwita mwenye shoka pandeni kwanza mtembee ndani yake, pamoja na wazee na watoto wenu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa mlima, ukibomoka, hakuna fundi wa kuujenga.