Rei Katika Ukumbi wa Makadara

Kila Jumamosi alasiri, katika ukumbi mmoja wa jamii huko Makadara, mwendo mfupi kutoka Barabara ya Jogoo, watoto wapatao ishirini hujipanga safu mbili juu ya sakafu ya saruji. Nje ni honi za matatu na wito wa wachuuzi wa mitumba. Ndani husikika sauti moja: "Ichi! Ni! San! Shi! Go!" Anayehesabu ni mzee aliyestaafu kazi ya reli, mwalimu wa karate kwa zaidi ya miaka thelathini. Japani hajafika. Kijapani chake chote ni amri na majina ya mapigo, naye alikirithi kwa mwalimu wake kama mtu arithivyo jembe, bila kuuliza lilifuliwa wapi.

Sikio la Mswahili halitaabiki sana na maneno hayo. Kijapani kina irabu tano kama Kiswahili, na silabi zake karibu zote huishia kwa irabu. Watoto hutamka dojo na sensei pasi na kujikwaa. Ni san tu ambayo wadogo huigeuza sani. Taabu huja pale neno geni linapokuta kiti kina mwenyewe. Kata, ambayo kwa wanakarate ni mfululizo wa mapigo na kinga dhidi ya adui asiyeonekana, kwa mtoto wa Makadara ni amri ya kisu. Hai, yaani 'ndiyo', tayari ni kinyume cha mfu. Nayo uke, jina la mbinu za kukinga, huwapa wavulana kicheko ambacho mzee hukizima kwa jicho. Mwanaisimu angefurahia mengine: keri ni teke, lakini teke la mbele ni mae geri, k ikigeuka g katika muungano, jambo lisilomshangaza ajuaye kwamba ulimi ukizidi mmoja huwa ndimi.

Jumamosi moja mama wa msichana wa miaka kumi na mmoja aliingia ukumbini kabla ya mazoezi kwisha. Binti alikuwa amebakisha majuma mawili afanye mtihani wa mkanda wa kijani. Mama alimkuta nyumbani akijizoeza mbele ya ukuta: amepiga magoti, amefumba macho, anainama hadi kipaji cha uso kinakaribia sakafu. Alipoulizwa, alijibu alivyofunzwa: "Rei ni kuinama."

"Mwalimu," mama alisema, "sisi tunamwinamia Mungu peke yake. Huyu mnamwinamisha kwa nani?"

"Ni heshima tu, mama."

"Heshima kwa ukuta?"

Mzee alikosa jibu. Mazoezi yake hufunguliwa na kufungwa kwa rei tatu: shomen ni rei, kuelekea mbele, sensei ni rei, kwa mwalimu, otagai ni rei, wao kwa wao. (Hiyo ni ya Kijapani hufuata nomino kuonyesha kinakoelekea kitendo, nasi husema mbeleni, ni sadfa tu, asitokee mtu akaandika tasnifu ya undugu.) Rei ni adabu kabla ya kuwa kuinama. Kuinama ndiko kunakoonekana, na mzee alikuwa ametafsiri kinachoonekana, miaka yote hiyo, bila mtu kumdai zaidi. Anayeichimbua shikamoo yetu hukuta mtu ameshika miguu ya mkubwa wake, lakini nani aitamkaye leo huku akitafuta miguu?

Wala maneno hayo si msahafu. Waokinawa wenyewe waliwahi kuligeuza neno karate: kara, iliyoandikwa zamani kwa alama ya Uchina, ikaandikwa kwa alama isomwayo vivyo hivyo yenye maana ya 'tupu', na mwaka 1936 walimu waliokutana Naha wakaiafiki. Mzee naye akajaribu. Jumamosi iliyofuata aliacha otagai ni rei, akapaza sauti: "Heshimianeni!"

Kisarufi hakuna la kulaumu; kiambishi -an- kinabeba otagai nzima bila jasho. Safu ndiyo iliyovurugika. Wawili walipeana mikono. Mmoja alisema "Sasa!" Waliosalia walimkodolea mzee macho wakingoja kuelezwa. Neno lilikuwa limeeleweka mno, ilhali amri hutaka mwili utangulie. Wataalamu wetu hupima istilahi kwa usahihi na uzuri wake, kisha huziachia muda. Hata runinga ya Sheikh Ahmed Nabhany haikuzoeleka kwa siku moja. Mzee alikuwa na juma moja.

Alirudia Kijapani chake, kisha akamfuata mama yule nyumbani jioni ile. Hakumweleza maana ya rei kwa neno moja. Alimtajia zote tatu, moja moja, na kila moja inaelekea wapi. Mama alisikiliza hadi chai ikapoa. Ya mwalimu aliikubali, ya wenzake aliikubali. Ya ukuta aliikataa katakata.

Siku ya mtihani mzee aliita: "Shomen ni rei!" Safu mbili ziliinama, na msichana akabaki wima kando ya mlango, karibu na mama yake. Kisha mzee alinyamaza, kimya kirefu kuliko kawaida, hadi nyayo zake zikamaliza kuvuka sakafu na nafasi yake kwenye safu ikajaa. Ndipo akaita ya pili.