Kamba, Maji ya Sabuni na Subira

Ziko kazi ambazo mtu huzifanya nyumbani ili kubana matumizi, na ziko nyingine ambazo hazifai kufanyiwa nyumbani hata mfuko ukiwa mtupu. Kuitambua tofauti hiyo kulinigharimu kioo kizima cha gari.

Mwaka 1984 nilikuwa na Volkswagen kuukuu, lile lenye umbo la kobe, nililolinunua kwa akiba ya miaka mingi. Siku moja tukirejea Dar es Salaam kutoka Morogoro, lori lililotupita lilirusha kokoto. Kufumba na kufumbua, kioo cha mbele kikawa cheupe kote, kisha kikatumwagikia mapajani chembe chembe mfano wa chumvi ya mawe. Kilikuwa kioo cha namna ile iliyopashwa moto mkali ikapozwa ghafla, ambayo ikivunjika haiachi vipande virefu vya kukata. Tulifika nyumbani salama, mama watoto akiwa amejitanda kanga usoni kwa ajili ya upepo na vumbi.

Kioo kingine nilikipata kutoka katika gari bovu, kwa fedha tulizokuwa tumeziweka kununulia sare za shule. Fundi alitaka ujira wake, nami nikanena moyoni: kioo kimeshikwa na mpira tu, ujuzi gani unatakiwa hapo? Jumamosi asubuhi nikautia mpira ule ule wa zamani katika fremu, kisha nikaanza kukishindilia kioo kwa ngumi na kuuinua mdomo wa mpira kwa bisibisi. Ncha ya bisibisi ikagonga ukingo wa kioo, nacho kikapasuka chote mikononi mwangu. Mama watoto alitoka jikoni, akatazama, akachukua ufagio. Hakunena neno. Mwanangu wa kwanza, wakati huo mtoto mdogo, akaleta kopo akaanza kunisaidia kuokota chembe.

Jirani yangu, mzee aliyekuwa amestaafu kazi ya ufundi, alikuwa akiniangalia kutoka barazani kwake.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nani alikwambia kwamba kioo huingizwa kwa ngumi?”

Niliuza baiskeli yangu, nikapata kioo cha pili, na kwa amri ya mzee nikanunua na mpira mpya, kwani ule wa zamani ulikuwa umekauka mithili ya ubao. Jumamosi iliyofuata tulianza kazi, lakini kioo hatukukigusa hadi jua lilipokuwa utosini. Kwanza tulisafisha fremu yote. Tukaikwangua kutu kwa msasa na kupaka rangi, kisha mzee akapitisha kidole polepole kuzunguka ukingo wa bati, akitafuta mahali palipojikunja. Alinieleza kwamba kijinundu kidogo kikikikandamiza kioo, leo kitaingia na kesho kitapasuka.

Kisha tulitandika blanketi juu ya meza, tukakivika kioo mpira wake. Katika mfereji wa nje wa mpira, ule utakaoushika ukingo wa bati, tulilaza kamba nyembamba na imara kuuzunguka wote, ncha zake mbili zikapishana kwa kiasi cha shibiri pale chini katikati. Tukapaka maji ya sabuni. Mimi nilisimama nje nikikikandamiza kioo kwa viganja, si kwa ngumi. Mzee aliketi ndani ya gari, akaivuta kamba pole pole kuelekea katikati ya kioo. Kila kamba ilipotoka, mdomo wa mpira uliruka ukakaa juu ya bati. Alianza chini, akapanda pembeni, akamalizia juu, nami nje nikiufuata mkono wake. Tulipomwaga ndoo ya maji, halikupenya tone. Sare za shule zilichelewa mwezi mzima.

Mwaka 2023 mwanangu yule aliyeokota chembe kwa kopo alinipigia simu. Sasa naye ana gari lake, la kisasa, na kioo chake cha mbele kilikuwa kimepata ufa mrefu.

“Baba, kioo kipya ninacho, kamba ninayo, sabuni ninayo. Njoo Jumamosi tukitie wenyewe.”

“Kamba ile haina kazi hapo, mwanangu,” nilimjibu.

Kioo cha mbele cha magari ya siku hizi hakishikwi na mpira. Ni vioo viwili vilivyobanwa pamoja na utando wa plastiki kati yake, fikra ambayo Mfaransa Édouard Bénédictus aliipatia hataza mwaka 1909, na kimegandishwa kwenye bodi kwa gundi maalumu. Kioo hicho huisaidia paa isibonyee gari linapopinduka, na katika magari mengi mfuko wa hewa wa abiria wa mbele hukiegemea unapofumka. Gundi ikishika nusu nusu, kioo huweza kung’oka saa ile ile kinapohitajiwa. Kioo cha mlangoni mtu aweza kukibadilisha uani kwake, akivaa glovu na asiwe na haraka. Cha mbele kilichogandishwa ni cha fundi mwenye zana na gundi yake.

Tulikwenda gereji, mjukuu wangu akiwa nasi. Fundi alikata gundi ya zamani kwa waya, akasafisha, akapaka dawa ya kushikisha, kisha gundi, akakilaza kioo kipya. Kwa macho, kazi ilikuwa imekwisha, na mwanangu tayari alikwisha shika funguo. Nikamwomba fundi atusomee maandishi ya kwenye kopo la gundi. Saa za kungoja zilikuwa zimeandikwa pale, kwa kadiri ya joto na unyevu wa hewa, na zilivuka machweo.

Gari likalala gereji. Tulirudi kwa daladala, tumesimama tumebanana, mjukuu akiwa ameshika suruali yangu. Akaniuliza kwa nini tumeliacha gari letu ilhali limekwisha pona. Nikamjibu kwamba gundi bado inafanya kazi yake. Baba yake alinitazama, akatabasamu, akazirudisha funguo mfukoni.